Vyombo vya habari vya serikali ya China na ujasusi wa mtandaoni

Vyombo vya habari vya serikali ya China na ujasusi wa mtandaoni ni mada inayohusu namna magazeti, televisheni na mashirika ya habari yaliyo chini ya dola nchini China yanavyoeleza habari za udukuzi kati ya China na Marekani. Vyombo vinavyohusika zaidi ni shirika la habari Xinhua, televisheni za CCTV na CGTN, na gazeti la Global Times, ambalo ni tawi la gazeti la chama People's Daily.

Ujumbe mkuu wa vyombo hivyo ni kwamba China ni mhanga wa udukuzi na si mdukuzi, na kwamba Marekani ndiyo "himaya ya udukuzi" duniani. Ujumbe huo una sehemu za kweli, sehemu zisizothibitishwa na sehemu zinazopingwa na wataalamu. Mchanganyiko huo ndio unaoupa nguvu, na ndio unaomfanya msomaji wa kawaida ashindwe kuutenganisha.

Historia

Hadi mwaka 2013 China ilijibu tuhuma za udukuzi hasa kwa kukanusha. Mwezi Juni mwaka huo Edward Snowden, aliyekuwa mfanyakazi wa mkandarasi wa Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani (NSA), alitoa nyaraka za siri akiwa Hong Kong. Nyaraka hizo zilionyesha kwamba NSA ilikuwa ikikusanya mawasiliano ya watu wa nchi nyingi. Mwaka 2014 magazeti ya New York Times na Der Spiegel yalieleza, kwa kutumia nyaraka hizohizo, kwamba NSA iliingia katika mifumo ya kampuni ya Huawei.

Yalifuata mambo mengine yaliyoiaibisha Marekani. Mwaka 2016 kundi lililojiita Shadow Brokers lilianza kutoa hadharani zana za udukuzi za NSA. Mojawapo, EternalBlue, ilitumika katika shambulio la WannaCry la Mei 2017 lililofunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Machi 2017 tovuti ya WikiLeaks ilichapisha nyaraka za zana za shirika la ujasusi la CIA. Februari 2020 ilithibitishwa kwamba kampuni ya Uswisi ya Crypto AG, iliyouzia serikali nyingi mashine za kuficha ujumbe, ilimilikiwa kwa siri na CIA pamoja na idara ya ujasusi ya Ujerumani.

Kwa hiyo vyombo vya China havikulazimika kubuni msingi wa hoja yao, kwa kuwa ulikuwepo tayari. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya tarehe 19 Julai 2021, siku ambayo Marekani, Uingereza, Umoja wa Ulaya na washirika wao waliilaumu China kwa pamoja kuhusu udukuzi wa seva za barua pepe za Microsoft Exchange. Tangu hapo China ilianza kutoa mashtaka yake yenyewe mara kwa mara, badala ya kukanusha tu.

Jinsi habari zinavyosambazwa

Habari hizi huwa na njia inayofanana.

Kwanza hutolewa ripoti. Mara nyingi mtoaji ni Kituo cha Taifa cha Kushughulikia Dharura za Virusi vya Kompyuta (CVERC), kikishirikiana na kampuni binafsi ya usalama wa mtandao ya Qihoo 360. Pili, Global Times au CCTV huitangaza kama habari ya pekee, wakati mwingine kabla ripoti yenyewe haijaonekana. Tatu, Xinhua huisambaza kwa lugha nyingi. Nne, katika mkutano wa kila siku wa Wizara ya Mambo ya Nje mjini Beijing, swali kuhusu ripoti hiyo huulizwa na msemaji huijibu kwa kuilaani Marekani. Jibu hilo nalo huwa habari mpya. Mwisho, balozi za China katika nchi mbalimbali huyarudia maneno hayo katika mitandao ya kijamii.

Msomaji anaweza kudhani amesoma habari moja kutoka vyanzo 5 tofauti, kumbe chanzo ni kimoja.

Tangu mwaka 2023 Wizara ya Usalama wa Taifa ya China, yaani idara yake ya ujasusi, ina akaunti yake katika mtandao wa WeChat. Huitumia kuwaonya wananchi kuhusu majasusi wa kigeni na kutangaza mashtaka dhidi ya Marekani.

Mashtaka yaliyotangazwa

Septemba 2022 CVERC na Qihoo 360 zilisema kwamba NSA ilidukua Chuo Kikuu cha Northwestern Polytechnical kilichopo Xi'an, chuo kinachofanya utafiti wa kijeshi. Ripoti ilitaja aina 41 za zana za udukuzi na kusema kwamba takwimu zaidi ya gigabaiti 140 zilichukuliwa. Ilieleza pia kwamba wahusika walifanya kazi saa za ofisi za Marekani na kupumzika katika sikukuu za nchi hiyo.

Julai 2023 mamlaka za Wuhan zilisema kituo cha kufuatilia matetemeko ya ardhi cha mji huo kilidukuliwa kutoka Marekani. Aprili 2025 polisi wa Harbin walitangaza zawadi kwa taarifa kuhusu watu 3 waliodaiwa kuwa maafisa wa NSA, wakiwashtaki kwa kushambulia mifumo ya Michezo ya Majira ya Baridi ya Asia iliyofanyika mjini humo Februari mwaka huo. Oktoba 2025 Wizara ya Usalama wa Taifa iliishtaki NSA kwa kuingilia Kituo cha Taifa cha Huduma ya Saa, kinachotoa saa rasmi ya China.

Mfano wa Volt Typhoon

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi namna simulizi hizi zinavyojengwa ni cha Volt Typhoon. Tarehe 24 Mei 2023 Microsoft, pamoja na mashirika ya usalama ya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand, ilitangaza kwamba kundi la wadukuzi linaloungwa mkono na China limeingia katika miundombinu muhimu ya Marekani, ikiwemo kisiwani Guam penye kambi kubwa za kijeshi. Kundi hilo lilitumia zana za kawaida zilizomo ndani ya kompyuta zenyewe, na kupitisha mawasiliano yake katika ruta za nyumbani na za ofisi ndogo ili lisionekane. Januari 2024 Marekani ilitangaza kwamba imesafisha mamia ya ruta hizo. Mwezi uliofuata ilisema wadukuzi walikuwa wamekaa katika baadhi ya mifumo kwa angalau miaka 5.

CVERC ilijibu kwa ripoti 3 za mwaka 2024: tarehe 15 Aprili, tarehe 8 Julai na tarehe 14 Oktoba. Ripoti ya kwanza ilidai kwamba Volt Typhoon si kundi la dola bali ni wahalifu wanaofunga kompyuta za watu na kudai fidia. Ya pili ilidai kwamba kisa chote kilibuniwa na idara za ujasusi za Marekani ili zipate bajeti kubwa na ili Bunge liongeze muda wa kifungu cha 702 cha sheria ya upelelezi wa mawasiliano ya kigeni. Ya tatu ilisema kwamba Marekani ina zana iitwayo Marble, inayoweza kuweka maneno ya Kichina, Kirusi, Kikorea, Kiajemi au Kiarabu ndani ya programu hasidi ili lawama iangukie nchi nyingine. Ripoti hiyo ya Oktoba ilitolewa kwa lugha kadhaa zikiwemo Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kijapani.

Ukizipanga pamoja, ripoti hizo haziendani kikamilifu. Ikiwa Volt Typhoon ni wahalifu wa fidia, basi wapo kweli. Ikiwa ni hadithi iliyobuniwa Washington, basi hawapo. Ikiwa ni Wamarekani waliojifanya Wachina, basi wapo lakini si wahalifu wa fidia. Vyombo vya habari vya serikali vilizitangaza zote bila kuuliza swali hilo.

Aprili 2025 gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba katika mkutano wa siri uliofanyika Geneva Desemba 2024, maafisa wa China walikiri kwa njia ya mafumbo kwamba mashambulizi hayo yalihusiana na msimamo wa Marekani kuhusu Taiwan. Hadharani China imeendelea kukanusha.

Uzito wa ushahidi

Februari 2024 kampuni ya SentinelOne ilichapisha uchambuzi wa mashtaka ya China. Ilionyesha kwamba ripoti nyingi za Kichina zinategemea nyaraka za Marekani zilizovuja miaka ya nyuma, na hazitoi alama mpya za kiufundi ambazo mtaalamu wa nchi nyingine angeweza kuzikagua mwenyewe. Katika kisa cha kituo cha Wuhan, kwa mfano, madai yalitangazwa sana lakini ushahidi wa kiufundi haukutolewa kwa umma.

Hilo halina maana kwamba madai hayo ni ya uongo. Ni jambo la kawaida kwa idara za ujasusi za Marekani kupeleleza China, na hakuna mtaalamu anayelikataa. Tena SentinelOne na Microsoft ni kampuni za Marekani, na taarifa za serikali ya Marekani nazo huficha sehemu ya ushahidi kwa sababu za usiri. Tofauti ni kwamba taarifa kuhusu Volt Typhoon zilifuatana na maelezo ya kiufundi ambayo kampuni nyingine ziliweza kuyafuatilia katika mitandao yao.

Jambo lingine la kuangalia ni ukimya. Februari 2024 nyaraka za ndani za kampuni ya Kichina ya I-Soon zilivuja. Zilionyesha mikataba ya udukuzi na vyombo vya usalama vya China, na orodha za walengwa katika nchi nyingi. Habari hiyo ilienea duniani kwa wiki kadhaa, lakini vyombo vya serikali vilivyoandika kurasa nyingi kuhusu "himaya ya udukuzi" havikuifanya habari kubwa.

Afrika

Mada hii inaihusu Afrika moja kwa moja. Januari 2018 gazeti la Ufaransa Le Monde liliandika kwamba takwimu kutoka makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa zilikuwa zikitumwa Shanghai kila usiku, kuanzia mwaka 2012 hadi ilipogunduliwa Januari 2017. Jengo hilo lilijengwa kwa msaada wa China wa dola milioni 200. China ilikanusha vikali, na Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, Moussa Faki Mahamat, naye alisema habari hiyo ni ya uongo. Kukanusha kwake kulinukuliwa sana na vyombo vya China.

Tarehe 24 Mei 2023, siku ileile Microsoft ilipotangaza kuhusu Volt Typhoon, shirika la Reuters liliandika kwamba wadukuzi wa Kichina walilenga wizara na taasisi za serikali ya Kenya kwa takriban miaka 3, wakitafuta taarifa kuhusu uwezo wa nchi hiyo kulipa madeni yake kwa China. Ubalozi wa China jijini Nairobi ulisema madai hayo hayana msingi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Kenya nayo iliiita habari hiyo propaganda iliyofadhiliwa.

Katika visa hivyo viwili serikali inayodaiwa kudukuliwa ilisimama upande wa anayetuhumiwa. Nchi inayodaiwa fedha za reli na barabara haina uhuru mkubwa wa kulalamika hadharani. Pia kukiri kwamba ofisi za serikali zilidukuliwa ni kukiri udhaifu wa ulinzi wake.

Vyombo vya China vina nafasi kubwa Afrika Mashariki. Redio China Kimataifa imetangaza kwa Kiswahili tangu 1961, na mwaka 2006 ilifungua kituo cha FM jijini Nairobi. CCTV ilianzisha kituo chake cha Afrika jijini humo Januari 2012, ambacho leo ni CGTN Africa. Habari za Xinhua huchapishwa upya na vyombo vya Afrika kwa mikataba ya ushirikiano. Kwa upande mwingine, wasikilizaji wa Kiswahili hupata pia BBC na Sauti ya Ujerumani, na hadi mwaka 2025 walipata Sauti ya Amerika, idhaa zinazolipiwa na fedha za umma za nchi za Magharibi ingawa zina kanuni tofauti za uhuru wa uhariri.

Nchi nyingine

China si peke yake. Tarehe 1 Juni 2023 idara ya usalama ya Urusi, FSB, ilidai kwamba NSA ilidukua maelfu ya simu za iPhone kwa kushirikiana na Apple, na vyombo vya serikali kama RT na TASS vilisambaza madai hayo. Siku hiyohiyo kampuni ya Kirusi ya Kaspersky ilitoa maelezo ya kiufundi ya udukuzi wa simu za wafanyakazi wake. Udukuzi ulikuwa wa kweli, na Apple iliziba mianya iliyotumika. Lakini Kaspersky haikumtaja mhusika, na Apple ilikanusha kushirikiana na serikali yoyote. Ushahidi wa tukio ulitumika kubeba dai ambalo haukulithibitisha.

Marekani nayo imewahi kuendesha propaganda ya siri. Juni 2024 Reuters ilifichua kwamba jeshi la Marekani lilitumia akaunti bandia kuwatia hofu Wafilipino kuhusu chanjo ya Kichina ya Sinovac wakati wa janga la UVIKO-19.

Umuhimu

Katika udukuzi, kumtambua mhusika ni kazi ngumu inayohitaji muda, na watu wachache wanaweza kuikagua. Ndiyo maana umma hutegemea wanaosimulia. Wachambuzi wa habari hizi hupendekeza kutenganisha mambo 3: kama tukio lilitokea, nani alilifanya, na kama ushahidi wa mambo hayo mawili umetolewa ili wengine waupime. Habari nyingi za vyombo vya serikali hujibu la kwanza na la pili kwa sauti kubwa, na kulipita la tatu.

Tazama pia

Edward Snowden
Propaganda
Udukuzi
Umoja wa Afrika
Usalama wa kompyuta
Xinhua