Kuku Aliyekufa Asifichwe

Kuku anapokufa ghafla bandani, mama wa nyumbani hushawishika kumtia chunguni kabla hajapoa, au kumtupa kichakani na kunyamaza. Husema ni kideri tu, maradhi yaliyozoeleka. Lakini kwa kutazama, kideri na mafua ya ndege hufanana mno. Maabara ndiyo iwezayo kuyatenga.

Jambo hili lilidhihirika nchini Uganda mwezi wa Januari 2017. Ndege wahamao walikutwa wamekufa ufukweni Lutembe, karibu na Entebbe, kando ya Ziwa Victoria. Na huko Masaka wakafa bata na kuku wa kufugwa. Sampuli zilipopimwa, vikaonekana virusi vya mafua vya aina ya H5N8. Kenya ikapiga marufuku kuku wa kutoka Uganda, nao wafugaji wakapata hasara.

Wataalamu hawakutosheka kulijua jina la ugonjwa. Waliisoma jenomu ya virusi hivyo, yaani maandishi yote ya urithi wake, yaliyogawanyika katika mafungu 8 yenye herufi zipatazo 13,500. Yalipolinganishwa na ya nchi nyingine, udugu ukaonekana na virusi vilivyoua ndege Ulaya na Asia mwaka 2016. Hivyo mgeni huyo akajulikana ukoo wake.

Kusoma huko ni kinga kwa binadamu pia. Virusi vya mafua vya aina mbili vikikutana katika mnyama mmoja, kama nguruwe, huweza kubadilishana mafungu na kuzaa aina mpya. Virusi vya mafua yaliyoenea duniani mwaka 2009 vilikuwa na jeni kutoka kwa nguruwe wa Amerika Kaskazini na wa Ulaya na Asia. Ndiyo sababu virusi vya wanyama hulinganishwa na vile vitolewavyo puani na kooni mwa wagonjwa hospitalini.

Hata hivyo, hakuna mashine isomayo kilichotupwa kichakani. Kazi yote hiyo huanzia kwa mama mwenye banda. Yampasa asimshike kuku aliyekufa kwa mikono mitupu, asimchinje aliye mahututi, wala asimkimbize sokoni. Watoto wawekwe mbali, na ofisa wa mifugo aarifiwe siku iyo hiyo. Thamani ya kuku mmoja si ndogo katika nyumba ya mkulima. Lakini wahenga walikwisha kuonya kwamba mficha maradhi, kilio humfichua.