Orijino ya Thika Si Feki

Wadau, leo naongea na nyinyi watu wa "hii haiko orijino". Mnajijua.

Wiki jana mnunuzi mmoja alikuja kwetu Thika kuangalia Land Rover Series III ya guka. Akafungua mlango, akafinya kiti, akatoa simu. Dakika tano, hukumu: "Viti si vya kiwandani. Picha za Uingereza ziko tofauti." Hapo hapo akakata laki moja unusu kwa bei. Guka alinunua gari hilo likiwa jipya mwaka 1978, kwa pesa za kahawa, na bado akaanza kuomba msamaha. Anaomba msamaha kwa kiti alichokitoa nailoni mwenyewe! Manze, nilichemka.

Sasa skizeni. Kiwandani ni wapi? Gari la guka halikushuka melini likiwa zima. Lilikuja vipande vipande, likaungwa hapa hapa Thika, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya kilichoanzishwa 1974, ambacho leo kinaitwa KVM. Serikali ilikuwa inasukuma viwanda vya kuunga magari vitumie vifaa vya hapa nchini. Kwa hivyo mshono ukitofautiana na wa kule Solihull, hiyo peke yake si kosa. Inaweza kuwa ndiyo cheti chake cha kuzaliwa.

Sisemi kila kitu kizee ni halisi. Nasema pima vizuri. Anza na namba ya chasisi, uone kama gari lilitumwa kwa vipande. Inua kiti, uangalie rangi ya chini ambayo jua halijagusa. Angalia dashibodi: kuna matundu ya skrubu yasiyo na kazi? Saa za Series III ziko mbele ya dereva. Ukizipata katikati kama za Series II, uliza maswali. Linganisha raba za pedali na kilomita zilizoandikwa. Uchakavu lazima ukubaliane. Pedali mpya na usukani ulioisha haviongei lugha moja.

Na nyinyi wa Ruiru siwaachi. Kuna fundi wa viti huko aliniambia atang'oa kila kitu, aweke ngozi nyekundu ya mshono wa daimondi, gari "lirudi orijino". Lirudi wapi, buda? Kwa Probox yako, shona unavyotaka. Lakini reksini ya miaka hiyo ukishaitupa kwa pipa, hakuna duka litakuuzia nyingine. Palipopasuka, shona hapo tu. Ukilazimika kubadilisha, weka ile ya zamani kwa gunia, usitupe.

Nikiri: mimi nilikuwa karibu kumlipa huyo fundi. Niliacha chuo mwaka wa pili, sina cheti cha magari wala cha historia. Kilichoniokoa ni kumuuliza guka maswali. Alinionyesha mahali cucu alishona kwa mkono, upande wa abiria, baada ya debe la maziwa kuchana kiti. Hiyo si ya kiwandani, na tutamwambia mnunuzi ukweli. Zingine zote ni za Thika.

Guka amekataa ile bei. Na wewe, kabla hujaita gari la mzee feki, muulize kwanza liliungwa wapi. Halafu ndio utoe simu.