AFYA YAKO: Joto la Sauna na Maji ya Barafu

Siku hizi vijana wengi huonyeshana picha katika simu. Picha hizo ni za watu wanaotoka katika chumba cha moto, jasho likiwatiririka. Mara wanajitosa katika pipa la maji yenye barafu. Wapo wanaosema kuwa jambo hili hutibu kila ugonjwa. Wapo pia wanaosema kuwa linaua. Mwezi huu tutaeleza ukweli ni upi. Tutaanza katika nchi ambako desturi hii ni ya miaka mingi. Nchi hiyo ni Ufini.

SAUNA NI NINI?

Ufini iko kaskazini kabisa mwa Ulaya. Wakati wa baridi, maziwa yake huganda yakawa barafu. Watu wa Ufini ni kiasi cha milioni 5 na nusu. Sauna zao ni kiasi cha milioni 3. Maana yake, karibu kila nyumba ina sauna yake au inatumia sauna pamoja na jirani.

Sauna ni chumba kidogo cha mbao. Ndani mna jiko, na juu ya jiko yamepangwa mawe. Mawe yakishika moto sana, mtu huyamwagia maji kwa kata. Mvuke hupanda na kujaa chumbani. Watu huketi juu ya mabenchi ya mbao wakatoka jasho. Benchi la juu lina joto kali kuliko benchi la chini.

Joto la sauna hufika nyuzi 80 hadi 100. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Je, kwa nini watu hawaungui? Kwa sababu hewa haipitishi joto upesi kama maji. Maji hupitisha joto upesi mara 25 hivi kuliko hewa. Tafadhali likumbuke jambo hili. Tutalirudia tutakapofika kwenye baridi.

Zamani, akina mama wengi wa Ufini walijifungulia katika sauna. Chumba kilikuwa safi, kina joto, na maji ya moto yalikuwa tayari. Mwaka 2020 shirika la UNESCO liliiandika desturi ya sauna ya Ufini katika orodha ya urithi wa dunia wa mila na desturi.

JOTO LINAFANYA NINI MWILINI?

Mtu akiingia katika joto, mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi hupanuka. Damu hukimbilia kwenye ngozi ili mwili upoe. Moyo hupiga mara 100 hadi 150 kwa dakika, kama mtu anayetembea kwa haraka kupanda mlima. Jasho linalotoka linaweza kufika nusu lita.

Waganga wa Ufini walichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Waliwafuatilia wanaume 2,315 wa mashariki mwa nchi hiyo kwa miaka ipatayo 20. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Katika kila wanaume 100 walioingia sauna mara moja kwa wiki, 10 walikufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Kwa walioingia mara 2 au 3 kwa wiki, walikuwa 8. Kwa walioingia mara 4 hadi 7, walikuwa 5.

Habari hizo ni njema, lakini tusizipokee kwa pupa. Mtu anayeingia sauna kila siku huenda ana afya nzuri tangu mwanzo. Mgonjwa sana hukaa kitandani. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba sauna peke yake ndiyo iliyowaokoa. Tunaweza kusema kwamba, kwa mtu mzima wa afya aliyeizoea, joto hilo haliudhuru moyo, na huenda linausaidia.

BARIDI INAFANYA NINI?

Wafini wengi wakitoka katika sauna hukaa nje kwanza wapoe. Wengine huoga maji ya baridi. Wengine huingia ziwani. Wakati wa barafu hutoboa shimo, wakashuka majini kwa ngazi. Maji hayo huwa karibu na kuganda.

Hapo ndipo penye hatari. Kumbuka kwamba maji hupitisha joto upesi kuliko hewa. Basi maji ya baridi hulinyang'anya mwili joto lake upesi mno. Mishipa iliyokuwa imepanuka hujibana mara moja. Presha ya damu hupanda. Moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi.

Jambo la pili ni pumzi. Mtu akijitosa ghafla katika maji baridi sana, huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka. Kisha huhema haraka haraka, hawezi kujizuia. Ikiwa kichwa kiko chini ya maji wakati huo, huvuta maji badala ya hewa. Hata mwogeleaji hodari anaweza kuzama hivyo. Hali hii hupungua baada ya dakika 1 hadi 3. Kwa hiyo dakika ya kwanza ndiyo ya hatari kubwa.

Jambo la tatu ni amri mbili. Ngozi ya mwili ikipata baridi, huuambia moyo upige haraka. Uso ukizama katika maji baridi, huuambia moyo upige polepole. Moyo ukipata amri mbili kwa wakati mmoja unaweza kupoteza mwendo wake. Mwenye moyo mzima huenda asidhurike. Mwenye moyo mgonjwa anaweza kufa. Ndiyo maana mzoefu hushuka ngazi taratibu na kichwa chake hubaki juu ya maji.

JE, BARIDI INA FAIDA?

Inayo kidogo. Wanamichezo wakikaa katika maji baridi baada ya mchezo, maumivu ya misuli hupungua.

Huko Uholanzi, watu zaidi ya 3,000 walishiriki katika jaribio lililotangazwa mwaka 2016. Baadhi yao walioga maji ya moto kama kawaida, kisha wakamalizia na maji baridi kwa sekunde 30, 60 au 90. Walifanya hivyo kila siku kwa siku 30. Wengine waliendelea kuoga kama walivyozoea. Walioga maji baridi walikosa kazi kwa ugonjwa pungufu kwa asilimia 29. Lakini siku walizojisikia wagonjwa hazikupungua. Yaani waliugua kama wenzao, ila walipata nguvu ya kwenda kazini. Tena, sekunde 30 zilitosha. Aliyevumilia sekunde 90 hakupata faida zaidi.

Wengi husema kwamba ukioga maji baridi ukiwa na jasho utapata kichomi. Kichomi huletwa na vijidudu vinavyoingia katika mapafu. Hakiletwi na maji ya kuoga. Hatari ya baridi ya ghafla ni kwa moyo na pumzi, kama tulivyoeleza.

MASHINDANO YALIYOLETA KIFO

Tangu mwaka 1999 palikuwa na mashindano ya sauna katika mji wa Heinola, Ufini. Mshindi alikuwa yule aliyevumilia joto kuliko wote. Mwaka 2010 joto lilikuwa nyuzi 110. Washindani wawili wa mwisho walitolewa baada ya dakika kama 6, wameungua vibaya. Mmoja alikufa. Mwingine aliponea hospitali. Mashindano hayo hayakufanyika tena.

Somo ni hili. Wote wawili walikuwa wazoefu. Mazoea hayakuwakinga, kwa sababu walishindana badala ya kuisikiliza miili yao. Mwili ukisema umechoka, usibishane nao.

SAUNA SI NYUNGU

Baadhi ya wasomaji watafikiri kuwa sauna ni sawa na kupiga nyungu. Hapana. Katika nyungu mtu hujifunika na chungu cha maji yanayochemka. Mvuke wake uko karibu na uso, na maji yakimwagika huunguza vibaya, hasa watoto. Mwaka 2020 watu wengi walipiga nyungu kwa ajili ya korona. Mvuke haukiui kirusi hicho. Hata sauna haitibu malaria, kifua kikuu wala korona. Mgonjwa apelekwe kwenye zahanati.

MAMBO YA KUFUATA

Ukipata nafasi ya kuingia sauna, au ukitaka kuoga maji baridi sana baada ya joto, fuata haya:

1. Usinywe pombe kabla wala wakati huo. Mlevi hajui mwili wake unasema nini.

2. Usiwe peke yako. Awepo mtu wa kukuvuta.

3. Mara ya kwanza, kaa katika joto dakika 5 hadi 10 tu, tena benchi la chini. Ukiona kizunguzungu, toka.

4. Inuka polepole. Presha hushuka katika joto, na mtu anaweza kuanguka.

5. Kaa nje kidogo kabla ya kuingia majini. Anza na miguu, kisha mikono, kisha kifua. Usijitose na wala usipige mbizi.

6. Majini, tuliza pumzi kwanza. Toka upesi. Dakika moja inatosha.

7. Kunywa maji ya kutosha baadaye.

Mtu mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, au aliyepata kiharusi, asijitose katika maji baridi. Mama mjamzito na mzee anayetumia dawa wamwulize mganga kwanza. Mtoto mdogo asijaribiwe.

Ndugu msomaji, huhitaji sauna ili moyo wako uwe imara. Kutembea, kulima, kula mboga na kuacha sigara ni dawa zilizo karibu nawe. Lakini kijana wako akikuonyesha picha ya pipa la barafu, sasa unaweza kumweleza. Mwambie kwamba joto linataka kiasi na baridi inataka taratibu. Haraka haraka haina baraka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini dakika ya kwanza katika maji baridi ni ya hatari?

2. Ni watu gani hawafai kujitosa katika maji baridi?

3. Katika kijiji chenu, watu huoga wapi wakitoka shamba? Je, watoto wenu hujitosa wakiwa peke yao?