BIDII HAITOSHI PEKE YAKE

Walimu na wazazi wetu hutuambia kwamba mwenye bidii hashindwi. Nakubali, lakini maneno hayo yana nusu ya pili ambayo haifai kusahauliwa. Maisha ya James Wong Howe, mpiga picha za sinema wa Hollywood, yaonyesha nusu zote mbili.

Bwana huyu alizaliwa Uchina mwaka 1899, akapelekwa Marekani angali mtoto. Mwaka 1917 aliajiriwa na kampuni ya sinema kufagia vipande vya filamu sakafuni. Baadaye akawa msaidizi wa wapiga picha.

Filamu za siku zile zilififisha macho ya buluu yakatoka kama meupe. Howe alipompiga picha Mary Miles Minter, macho ya bibi huyo yalitoka meusi. Alichunguza sababu, akaona kuwa kitambaa cheusi kilionekana ndani ya macho kama katika kioo. Basi akatanda mahameli nyeusi kuzunguka kamera, na sifa zake zikaenea. Mwaka 1947, katika sinema ya Body and Soul, aliwafuata mabondia ulingoni amevaa viatu vya magurudumu, kamera mkononi. Alipata tuzo ya Oscar mara mbili, kwa The Rose Tattoo ya 1955 na Hud ya 1963.

Hiyo ndiyo kazi ya bidii. Lakini sheria za Marekani zilimzuia kupata uraia kwa sababu ni Mchina, mpaka zilipobadilishwa mwaka 1943. Mwaka 1937 alimwoa mwandishi Sanora Babb mjini Paris. Huko California sheria ilikataza ndoa kati ya Mchina na Mzungu, mpaka mahakama kuu ya jimbo ilipoitangua mwaka 1948.

Je, alikosa bidii? Hasha! Bidii ilimtoa kwenye ufagio, lakini haikuweza kuondoa sheria mbaya. Jambo hilo lilihitaji watunga sheria na mahakimu wenye kupenda haki.

Kwa hiyo, ndugu zangu wanafunzi, tusidharau ufagio, na tuwe na macho ya kuchunguza. Lakini tumwonapo mwenzetu amekwama, tusiharakishe kumwita mvivu. Tuulize kwanza kama mlango umefungwa, na ni nani aliyeufunga. Baadhi yetu watakuja kushika funguo.