Mlango Laini Hauanzi na Rangi

Wiki hii mtatuwia radhi tukizungumzia milango. Hatusemi milango ya mafumbo, bali ile ya mbao iliyomo ndani ya nyumba zetu, ya vyumba vya kulala, ya jikoni na ya ofisi, ambayo kila baada ya miaka kadhaa huchakaa, nasi tukamwita fundi aipake upya. Tunaandika juu yake kwa sababu tulikuwa na deni.

Mambo yalikuwa hivi. Zilipobaki siku chache kabla ya kupokea wageni, tulimwita fundi rangi apake milango sita ya nyumba tunamoishi hapa pwani. Aliitazama, akapitisha kiganja juu ya mmoja, akasema, "Baba, hii inataka juma zima." Tukamjibu kwamba anazo siku mbili tu. Akapaka. Wageni walipofika milango iling'aa kweli, lakini ukisimama kando na kuitazama kwa mwanga wa dirisha uliona michirizi iliyoganda, chembe za vumbi na alama za brashi. Miezi minne haijapita, rangi ikaanza kubanduka karibu na vitasa. Tulikuwa tumebakiza theluthi ya ujira wa fundi, nasi tukakataa kuilipa, tukisema kazi yake haikustahili.

Mwaka huu tumeirudia milango hiyo kwa mikono yetu wenyewe, tukisaidiwa na vijana wawili wa nyumbani. Ndipo tulipotambua kwamba juma lile aliloliomba fundi halikuwa uvivu.

Rangi kuukuu ya mafuta ni ngumu na inateleza kama sahani. Tena kuzunguka kitasa imefunikwa na mafuta ya mikono ya miaka mingi, ambayo jicho haliyaoni. Rangi mpya ikipakwa juu yake haipati pa kushika, hasa ikiwa mpya ni ya maji na ya zamani ni ya mafuta. (Ukitaka kujua ya zamani ni ipi, isugue kwa kitambaa chenye spiriti: ya maji huyeyuka na kuchafua kitambaa, ya mafuta hubaki palepale.) Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha kwa maji ya sabuni, kusuuza na kuacha mlango ukauke. Kazi ya pili ni msasa. Si lazima kufika kwenye ubao ikiwa rangi ya zamani ingali imara. Inatosha kuuondoa mng'ao wake wote. Tulianza na msasa namba 120 penye michirizi, tukaendelea na 180, daima tukifuata mkondo wa nyuzi za mbao, kwa maana mkwaruzo uliokatiza nyuzi huonekana hata chini ya mikono miwili ya rangi. Mashimo tuliyajaza puti, tukasugua tena, na palipobaki ubao mtupu tukapaka praima. Tuliweka tochi ubavuni mwa mlango, na kila kasoro ikatoa kivuli chake. Siku tatu zilikwisha, na kopo la rangi lilikuwa bado halijafunguliwa.

Hapa yatupasa kusema neno zito zaidi. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, lakini katika nchi nyingine nyingi, za Afrika zikiwemo, ziliendelea kuuzwa miaka mingi baadaye. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa huharibu ubongo unaokua. Vumbi la msasa mkavu katika nyumba kongwe laweza kuwa sumu. Tulitumia msasa wa maji, tukilowesha kila mara, watoto wakakatazwa kuingia, na sakafu tukaipangusa kwa kitambaa kibichi badala ya kuifagia. Fundi anayefanya kazi hiyo kila siku bila kitambaa usoni hana wa kumwonya, na sisi tunaomharakisha ndio wa kwanza kunyamaza.

Kupaka kwenyewe ni jambo fupi. Tuliing'oa milango kwenye bawaba na kuilaza juu ya meza, kwa kuwa rangi iliyolala haichirizi. Tuliichuja kwa kipande cha soksi ya nailoni, tukapaka kwanza paneli, kisha mbao za mlalo, na mwisho zile za wima, tukimalizia kwa brashi nyepesi isiyorudi nyuma. Rangi ikianza kushika, iache. Anayeirudia kusahihisha ndiye huiachia makovu. Kati ya mkono wa kwanza na wa pili tulingoja siku nzima, tukapitisha msasa 240 kwa wepesi. Wakati wa masika siku moja haitoshi.

Maoni yetu ni haya. Tunapopatana na fundi kwa bei ya mlango mmoja mmoja na kumpangia siku mbili, tunanunua rangi tu. Kuosha, kusugua na kungoja tumevifuta sisi wenyewe, kisha tunamdai ulaini. Afadhali kupaka milango miwili mwaka huu kwa siku zinazotakiwa na kuiacha minne ingoje. Na katika mapatano, siku za msasa zihesabiwe na kulipwa kama siku za brashi.

Tulimtafuta yule fundi, tukamlipa theluthi yake na kumwomba radhi. Alikubali kuja kuitazama milango. Alipitisha kiganja juu ya wa kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akainama na kuingiza kidole chini yake, kwenye ukingo ambao hakuna anayeuona. Haukuwa na rangi. "Baba, hapa ndipo mlango unapokunywa maji," akasema, "masika ikija utavimba, hamtaufunga." Jumatatu tunaishusha yote sita, naye amekubali kuja, kwa malipo ya siku nzima.