Msituambie "Kunywa Maji Tu"

Amitriptilini ilianza kuuzwa Marekani 1961. Sisi huku, mitaa ya nyuma ya Ngome ya Yesu, bado tunaimeza kila usiku, maana ndiyo ya bei ya chini. Dawa siikatai, ilinirudishia usingizi nilipoacha chuo. Ninachokataa ni kupewa kibahasha kimeandikwa "1 usiku", halafu "Mwingine!"

Hakuna aliyeniambia mate yatakauka hadi ulimi ugande kwenye kaakaa, tena Mombasa, ambako unatoka jasho ukiwa umekaa tu barazani. Wala kwamba choo kitakuwa kigumu, na nikiinuka ghafla Mji wa Kale wote utazunguka. Na njaa! Mahamri mawili kwa mbaazi huwa sita, kisha shangazi anakuja: "Mwanangu, mashallah, umenawiri!" Nimenawiri wapi?

Sikuulizwa hata kama natafuna muguka. Gavana aliupiga marufuku 2024, kelele nchi nzima, lakini kwa dirisha la dawa swali hilo halipo, ilhali majani yale na kidonge hiki vyote vinaukimbiza moyo.

Eti tukijua madhara tutaogopa tuache. Wallahi, tunaacha kwa kutoambiwa: mtu anadhani ni maradhi mapya, au jini, anatupa vidonge baharini. Fluoksetini, isiyokausha kinywa kiasi hiki, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2007. Kama hamna, semeni hamna. Kama ni hii tu, nipeni dakika tano kwa Kiswahili: nile nini, niepuke nini, nimpigie nani kichwa kikizunguka.