Mti haukukosea, mimi ndiye nilikata video

Wasee, kabla mtu achimbue posti zangu za zamani: ile video ya mwarobaini ya sekunde 30, ya twanga, paka, sahau kidonda, nimeifuta.

Kisa ni mdogo wangu. Alianguka na baiskeli kando ya barabara hapa Maungu, goti likachubuka, vumbi la malori likaingia. Akafanya vile nilivyoonyesha: majani mabichi, jiwe la uani, maji ya pipa. Siku ya tatu goti limefura, linatoa usaha, na mtoto ana homa. Hospitali wakamsafisha, wakamwandikia antibiotiki.

Nyanya aliposikia hakulaumu mti wala daktari. Aliniuliza tu, "Ulichemsha?"

Wueh. Kwa nyanya majani huchemshwa kwanza, maji yapoe, ndipo kidonda kioshwe. Hicho kipande nilikuwa nacho kwa simu. Nilikikata kwa sababu sufuria inachosha na nyinyi mnapenda kuruka mbele. Kumbe moto ndio ulikuwa unaua vijidudu vya yale maji.

Sasa wale mnakuja kuandika "dawa za miti ni uongo", pia nyinyi tulieni. Mwarobaini una kemikali kama nimbidini, na maabara imeonyesha unaweza kuzuia bakteria na fangasi kadhaa. Lakini sahani ya maabara si goti la mtoto, na kiganja chako si mizani. Australia mwaka 1990 walijaribu mafuta ya mti wa chai (si chai ya Kericho, ni mti mwingine kabisa) kwa watu 124 wenye chunusi. Yalisaidia, polepole, na yalikuwa yamepimwa: asilimia 5. Sisi tunapaka asilimia ngapi? Manze, hakuna anayejua.

Hata shubiri tunaipaka ovyo. Ute mwangavu wa katikati ni kitu kimoja, ule utomvu wa njano chini ya ganda ni kingine. Wa njano una aloini na unaweza kuwasha ngozi vibaya.

Mimi siachi miti. Ila mkwaruzo ni maji safi na sabuni kwanza, na ukiona wekundu unasambaa, usaha au homa, funga simu uende hospitali.

Narekodi upya Jumamosi. Nyanya amekubali, ila amesema nikikata sufuria tena, nitafute nyanya mwingine.